Mto Mmoja, Majimbo Saba: Mamlaka na Mapatano ndani ya Shirikisho



Sisi wa Afrika Mashariki tunapozungumza habari za shirikisho huanzia juu: nani atakuwa rais, makao makuu yatakuwa mji gani, sarafu itakuwa ya nani. Maswali hayo yana haki ya kuulizwa, maana mkataba ulioanzisha Jumuiya yetu, uliotiwa saini mwaka 1999, unalitaja shirikisho la kisiasa kuwa lengo la mwisho baada ya umoja wa forodha, soko la pamoja na umoja wa sarafu. Lakini leo naomba tuanzie chini, pale jimbo linapopakana na jimbo. Serikali mbili zenye hadhi sawa, hakuna iliyo mkubwa wa mwenzake, zinapokitaka kitu kimoja na kitu chenyewe hakitoshi, hufanyaje?

Nitalijibu swali hilo kwa kisa kimoja, cha Mto Colorado katika magharibi ya Marekani. Nimekichagua kwa sababu kina umri wa zaidi ya miaka 100, kimepita katika mikono ya magavana, mabunge, majaji na hata askari, na bado hakijamalizika. Hoja yangu ni kwamba katiba inaweza kugawa mamlaka kati ya serikali kuu na majimbo, lakini haitoshi kuyapatanisha majimbo yenyewe kwa yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na mapatano. Nayo mapatano hudumu pale hesabu inapokuwa ya kweli, kila mwenye haki anapokuwa ameitwa, na serikali kuu inapojua kusukuma bila kunyang'anya.

Mamlaka ambayo hayakutolewa kama zawadi

Jimbo la Marekani si mkoa. Mkuu wa mkoa huteuliwa na rais, na rais akitaka humwondoa. Gavana wa Arizona au wa Wyoming huchaguliwa na watu wa jimbo lake. Jimbo hilo lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake na kodi zake, na rais wa nchi hana uwezo wa kumfuta kazi gavana huyo. Katiba iliyoandikwa mwaka 1787 iliyataja mamlaka ya serikali kuu, kama vile vita, sarafu na biashara baina ya majimbo. Marekebisho ya Kumi, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yakasema kwamba mamlaka yasiyokabidhiwa serikali kuu, wala kukatazwa majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Ndiyo maana shule, polisi, ndoa, leseni za udereva na, kwa sehemu kubwa, haki za kutumia maji husimamiwa na jimbo.

Majimbo hayo pia ni sawa kwa hadhi. California ina watu karibu milioni 39, Wyoming haifikishi hata milioni 1, na kila moja ina maseneta wawili. Usawa huu ni heshima kubwa kwa jimbo dogo. Lakini ndio pia unaofanya ugomvi wa majirani uwe mgumu, kwa kuwa hakuna jirani anayeweza kumwamuru mwenzake.

Waasisi wa nchi hiyo waliujua ugumu huo mapema. Njia mojawapo iliyoelekea kwenye Katiba ilianzia mtoni. Machi 1785, wajumbe wa Virginia na Maryland walikutana Mount Vernon, nyumbani kwa George Washington, wakapatana juu ya usafiri, uvuvi na ushuru katika Mto Potomac. Mafanikio yao yalitia moyo, na Septemba 1786 ukaitishwa mkutano mpana wa biashara mjini Annapolis. Majimbo matano tu yalifika. Waliofika hawakukata tamaa: waliomba mkutano mwingine ufanyike Philadelphia mwaka uliofuata, na huko ndiko Katiba ilikoandikwa.

Katiba hiyo iliyaruhusu majimbo kupatana, lakini kwa uangalizi. Kifungu cha 10 cha Ibara ya Kwanza kinalikataza jimbo kufanya mapatano na jimbo jingine bila ridhaa ya Bunge la Marekani. Hofu ilikuwa kwamba majimbo machache yangeweza kufungamana na kuwadhulumu wengine, au kuidhoofisha serikali kuu. Mwaka 1893, katika shauri la Virginia dhidi ya Tennessee, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ridhaa hiyo ni ya lazima pale mapatano yanapoyaongezea majimbo nguvu za kisiasa na kuingilia mamlaka ya serikali kuu.

Kwa zaidi ya karne moja mikataba ya aina hii ilitumika hasa kumaliza migogoro ya mipaka. Mwaka 1921 New York na New Jersey zikafungua ukurasa mpya: ziliunda mamlaka moja ya bandari inayomilikiwa na majimbo yote mawili, kwa kuwa shehena na abiria wa bandari ile hawakuweza kupangwa kwa kufuata mpaka unaopita majini. Mwaka uliofuata, upande wa pili wa nchi, majimbo saba yakajaribu jambo kubwa zaidi.

Santa Fe, Novemba 1922

Mto Colorado hutoka kwenye theluji ya Milima ya Rocky na kusafiri zaidi ya kilomita 2,300 kuelekea Ghuba ya California nchini Mexico. Juu kuna Wyoming, Colorado, Utah na New Mexico. Chini kuna Nevada, Arizona na California. Maji mengi ya mto huu hutoka kwenye theluji ya juu. Mwanzoni mwa karne ya 20, mashamba na miji iliyokuwa ikikua kwa kasi ilikuwa chini, hasa California: wakulima wa Bonde la Imperial walitaka bwawa la kuzuia mafuriko na mfereji wa kumwagilia, na Los Angeles ilitaka umeme na maji.

Kilichowatisha watu wa juu ni kanuni waliyoifuata wao wenyewe. Katika magharibi ya Marekani, aliyetangulia kuyatumia maji ndiye wa kwanza kupewa wakati wa ukame, hata kama shamba lake liko mbali na chanzo. Ndani ya jimbo moja kanuni hiyo ilizoeleka. Je, inavuka mpaka wa jimbo? Juni 1922, katika shauri la Wyoming dhidi ya Colorado, Mahakama ya Juu ilijibu kwamba inavuka, pale majimbo yote mawili yanapoifuata kwao. Kwa hukumu hiyo, California, iliyowatangulia wenzake kwa mtaji na kwa watu, ingeweza kujipatia haki juu ya sehemu kubwa ya mto kabla majirani hawajachimba mifereji waliyoihitaji.

Mwanasheria wa jimbo la Colorado aitwaye Delph Carpenter alikuwa amezijua kesi za mito kwa kuziendesha mwenyewe. Aliona kwamba mahakama ni mahali pabaya pa kugawana maji: shauri huchukua miaka, hula fedha nyingi, na mwisho hugeuza majirani kuwa mshindi na mshindwa. Akapendekeza majimbo yakae kama yanavyokaa mataifa huru, yajadiliane, yaandike mkataba. Tume ikaundwa, mjumbe mmoja kutoka kila jimbo. Herbert Hoover, wakati huo waziri wa biashara, akaiwakilisha serikali kuu na kuwa mwenyekiti.

Vikao vya kwanza, Januari 1922 mjini Washington, vilikwama. Kila jimbo lilitaja kiasi lilichokitaka, na madai yakijumlishwa yalizidi maji ya mto. Novemba wajumbe walirudi mezani, safari hii katika hoteli ya Bishop's Lodge nje kidogo ya Santa Fe, New Mexico. Huko waliacha kugawa mafungu saba, wakagawa mawili: Bonde la Juu na Bonde la Chini, mpaka ukiwa mahali paitwapo Lee Ferry. Kila bonde lilipewa ekari-futi milioni 7.5 kwa mwaka. Ekari-futi ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, karibu mita za ujazo 1,233. Majimbo ya juu yakaahidi kwamba katika kila miaka 10 mfululizo hayatasababisha maji yanayopita Lee Ferry yapungue chini ya ekari-futi milioni 75. Saini zikawekwa tarehe 24 Novemba 1922.

Ndugu zangu, tuutazame ufundi wa mapatano haya. California ilipata njia ya kujengewa bwawa, jambo lililohitaji kura za wabunge wa majimbo mengine. Majimbo ya juu yalipata muda: haki yao ililindwa hata kama yangechelewa kuitumia. Na jambo lililoshindikana siku ile, yaani kila jimbo lipate kiasi gani ndani ya bonde lake, liliachwa kwa wakati wake. Majimbo ya juu yalilikamilisha mwaka 1948, na kwa busara yakagawana kwa asilimia: Colorado 51.75, Utah 23, Wyoming 14 na New Mexico 11.25, baada ya kutengwa kiasi kidogo cha kudumu kwa ajili ya kipande cha Arizona kilichomo katika bonde hilo. Asilimia hupanda na kushuka na mto. Idadi iliyoandikwa kwa kalamu haishuki.

Jimbo lililokataa

Mjumbe wa Arizona alitia saini, lakini bunge la jimbo lake likakataa kuidhinisha. Hapa ndipo tunapoliona shirikisho likifanya kazi katika hali yake ngumu. Bunge la Marekani halikuilazimisha Arizona. Kwa sheria ya mwaka 1928 iliyoruhusu bwawa ambalo leo linaitwa Hoover, liliuruhusu mkataba uanze kwa majimbo sita, kwa sharti kwamba California ijiwekee kikomo cha ekari-futi milioni 4.4 kwa mwaka.

Mwaka 1934 gavana wa Arizona, Benjamin Moeur, alipeleka askari wa jimbo kwenye ukingo wa mto kuzuia ujenzi wa Bwawa la Parker, ambalo lingepeleka maji kusini mwa California. Kazi ilisimama. Serikali kuu ikaenda Mahakama ya Juu, na mwaka 1935 ikashindwa, kwa sababu Bunge halikuwa limeuidhinisha ujenzi ule. Bunge likauidhinisha mwaka huohuo, na bwawa likajengwa. Funzo hapa si askari wa Moeur. Funzo ni kwamba serikali kuu, yenye nguvu zote za jeshi la nchi, ilisimamishwa na jimbo moja mbele ya sheria, na sheria ilipokwisha kurekebishwa, jimbo nalo likaacha kuzuia. Bila pande zote mbili kuitii mahakama, shirikisho ni ahadi ya mdomo tu.

Arizona iliuidhinisha mkataba mwaka 1944, miaka 22 baada ya saini. Mwaka 1952 ikaishtaki California. Hukumu ilitoka mwaka 1963, ikithibitisha mgawo wa Bonde la Chini: California milioni 4.4, Arizona milioni 2.8, Nevada laki 3. Miaka 11 mahakamani! Carpenter hakukosea. Hata baada ya ushindi huo, Arizona ilihitaji fedha za serikali kuu kujenga mfereji wa kupeleka maji Phoenix na Tucson, na kura za wabunge wa California hazikupatikana bure. Sheria ya mwaka 1968 iliyoruhusu mfereji huo iliweka sharti kwamba ukame ukija, maji ya mfereji yatakatwa kabla ya yale ya California. Hiyo ilikuwa bei ya ushirikiano, na Arizona inailipa mpaka leo.

Hesabu iliyozidi mto

Sasa nifike kwenye kasoro. Wajumbe wa Santa Fe waligawa ekari-futi milioni 15. Mwaka 1944 Marekani iliahidi kwa mkataba kuipa Mexico milioni 1.5. Jumla ni milioni 16.5, bila kuhesabu maji yanayopotea kwa jua kutoka kwenye mabwawa. Lakini tangu mwaka 2000 mto umekuwa ukitoa wastani wa karibu milioni 12.5. Wajumbe walitegemea vipimo vya miaka iliyokuwa na maji mengi kuliko kawaida. Mtaalamu wa serikali aliyeuchunguza mto huo, E. C. LaRue, alikwisha kuandika mwaka 1916 kwamba maji yasingetosha kumwagilia ardhi yote iliyofaa kulimwa katika bonde. Mapatano hayakujengwa juu ya onyo lake. Yalikuwa kama mapatano ya ndugu waliogawana mavuno ya mwaka wa mvua njema, wakaapa kupeana kiasi kilekile kila mwaka.

Kwa nini watu wenye akili walifanya hivyo? Kwa sababu mto mkubwa kwenye karatasi uliwarahisishia kukubaliana. Kila mjumbe aliweza kurudi kwao na kusema ameleta cha kutosha. Hatari hii iko katika kila meza ya serikali zinazogawana kitu, kiwe maji, mapato ya mafuta au ushuru wa forodha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nathubutu kuongeza kwamba daftari lenye takwimu za kupendeza watu huwapoteza zaidi, kwa kuwa wanaliamini.

Kasoro ya pili ni ya haki. Katika bonde la Mto Colorado kuna mataifa 30 ya wenyeji wa asili yanayotambuliwa na serikali kuu. Waliishi kando ya mto huo kabla jimbo lolote halijazaliwa. Tangu mwaka 1908 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba ardhi waliyotengewa huambatana na haki ya maji. Hata hivyo Santa Fe hapakuwa na kiti hata kimoja chao. Mkataba uliwataja kwa sentensi moja, kwamba hautaathiri wajibu wa Marekani kwao. Hukumu ya mwaka 1963 ilitaja kiasi cha maji cha jamii tano zilizoko kando ya mto wa chini, karibu ekari-futi laki 9 kwa mwaka. Wengine wameendelea kudai na kujadiliana kwa miongo mingi. Leo majimbo yanapohesabu upungufu, yanakuta kwamba haki za wale ambao hawakualikwa ni nyingi, za zamani, na haziwezi kupuuzwa. Aliyeachwa nje ya mapatano hatoweki. Huja baadaye na dai lake, wakati ambapo kumpa ni kumnyang'anya mwingine.

Serikali kuu kama msukumo

Ukame wa karne hii uliyalazimisha majimbo kurudi mezani. Mwaka 2007 yalikubaliana na serikali kuu juu ya mwongozo wa kupunguza matumizi, ambao muda wake ulipangwa kuishia mwaka 2026. Mwaka 2019 yaliongeza mpango wa dharura. Agosti 2021 serikali kuu ilitangaza upungufu rasmi kwa mara ya kwanza katika historia ya mto, na kwa mwaka uliofuata Arizona ikapoteza asilimia 18 ya mgawo wake, kwa sababu ya sharti lile la mwaka 1968. Julai 2022 Ziwa Mead, lililo nyuma ya Bwawa la Hoover, lilibaki na karibu asilimia 27 tu ya ujazo wake.

Kabla ya hapo, mwezi Juni, mkuu wa idara ya serikali kuu inayosimamia mabwawa, Camille Touton, alikuwa ameyataka majimbo yatafute ekari-futi kati ya milioni 2 na milioni 4 za kupunguza, la sivyo serikali kuu ingechukua hatua yenyewe. Muda ukapita bila mapatano. Januari 2023 majimbo sita yalipeleka pendekezo moja, California ikapeleka la kwake. Mei 2023 majimbo matatu ya Bonde la Chini yakakubali kupunguza ekari-futi milioni 3 hadi mwisho wa 2026, na sehemu kubwa ya punguzo hilo ililipiwa fidia na serikali kuu, karibu dola bilioni 1.2.

Naomba tuitazame vizuri nafasi ya serikali kuu hapa. Haikuandika mgawo na kuutangaza kwa amri. Iliweka tarehe, ikatoa onyo, ikafungua mfuko. Majimbo yaliachiwa kazi ya kuamua nani akate nini, kwa kuwa ndiyo yanayowajua wakulima wake na miji yake. Serikali kuu ikikaa kimya, mwenye nguvu humngoja mnyonge achoke. Ikiamua kila kitu, magavana huacha kujadiliana na kukimbilia Washington kulalamika.

Pia tusidhani majimbo hushirikiana kwa sababu ya ugomvi tu. Baada ya Kimbunga Andrew cha mwaka 1992, majimbo ya kusini yalianza mapatano ya kusaidiana wakati wa maafa. Bunge liliyaridhia mwaka 1996, na leo majimbo yote 50 yamo. Masharti yake yanajibu mapema maswali ya kero: jimbo lililoomba msaada ndilo linalolipa gharama, na leseni ya muuguzi au fundi wa jimbo moja hutambuliwa katika jingine. Kimbunga Katrina kilipoipiga Louisiana na Mississippi mwaka 2005, zaidi ya watu 60,000 walipelekwa kupitia mapatano hayo. Walikwenda bila kungoja mabunge yajadili nani atalipa, kwa sababu jambo hilo lilikwisha kukubaliwa wakati wa amani.

Yanayotuhusu

Sisemi kwamba kaunti za Kenya ni majimbo ya shirikisho. Katiba ya 2010 iligatua mamlaka ndani ya nchi moja. Lakini Ibara ya 189 inaziagiza serikali za ngazi zote kushirikiana, na inaruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja. Mkazi wa Mombasa anajua uzito wa jambo hili: maji yake ya bomba hutoka chemchemi za Mzima katika Taita Taveta, visima vya Baricho katika Kilifi, na vyanzo vya Kwale. Kaunti yenye watu wengi inakunywa maji ya majirani. Swali la Santa Fe ni swali la Pwani pia. Na ziwa tunalolichangia Kenya, Tanzania na Uganda lina kamisheni yake ya Jumuiya mjini Kisumu, ambako nchi hizi zinajifunza tangu sasa tabia zitakazohitajika siku ya shirikisho, kama siku hiyo itafika.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi wa sheria na siasa walio hapa, wenzetu watakapoleta rasimu ya shirikisho, msiishie kusoma sura ya rais. Ulizeni takwimu zilipimwa miaka gani, na nani alizipima. Ulizeni ni jamii zipi zinazoishi juu ya mali inayogawanywa, na kama zina kiti mezani. Ulizeni mgawo utashuka vipi rasilimali ikipungua, nani atasukuma majadiliano yakikwama, na mahakama ipi itatiiwa na wote. Majibu yakikosekana, ombeni rasimu irudishwe ikaandikwe upya, hata kama sherehe za kutia saini zimekwisha kupangwa. Kuchelewa mwaka mmoja kwa ajili ya hesabu ya kweli ni nafuu kuliko kurithisha wajukuu ugomvi wa miaka 100.